Uso wa Bamba

Saa nane usiku, Mediaș, theluji imeziba dirisha,
nami nailisha programu namba kama anayelisha mgonjwa:
kipenyo cha bomba, milimita mia mbili na mbili na ushei;
kipenyo cha tundu, mia moja na moja nukta sita;
kanieneo, jotoridi, mnato,
uzito wa gesi ukilinganishwa na wa hewa.
Imemeza vyote. Haikuuliza nani kapima.

Kwa maji ingekuwa nyepesi. Maji hayabanwi,
huingia tunduni na kutoka yakiwa yaleyale.
Gesi ukiibana hukunjuka upande wa pili
ikajifanya nyingi,
na programu inayo tarakimu ya kuitia adabu,
pungufu kidogo ya moja.

Naipenda inavyokisia.
Kujua mtiririko inataka kizidishi,
kujua kizidishi inataka mtiririko, kuku na yai;
basi hukisia, huhesabu, hurudi, hukisia karibu zaidi,
mpaka jibu na swali yapeane mkono.
Mara nne, kufumba na kufumbua.
Marehemu Octav aliyenifunza kazi alihitaji siku nzima
na majedwali yenye madoa ya kahawa.

Chini ya jibu, mstari wa kijani: HAKUNA KOSA.

Lakini kituo cha juu kinasema kimeleta mia,
na changu kinasema kimepokea themanini na tano.
Kumi na tano katika kila mia zimeyeyuka
baina ya vijiji vitatu na mto Târnava,
na ofisini hesabu isiyolingana hutafutiwa mtu.
Wakampata Sever Hodoroga, mlinzi wa bomba,
atembeaye kilomita kumi na nane na mbwa wake,
kwa kuwa shemeji yake analima nyanya katika banda la vioo
na nyanya zile, Januari hii, zimeiva.

Walimvua koti la kampuni siku ya Alhamisi.
Alilikunja mwenyewe. Kwanza alitoa mfukoni
kipande cha mkate wa mbwa.

Narudia. Jibu ni lile lile.
Nabadili desimali ya tatu, linajikuna tu.
Programu haisemi uongo, inasema nilichoiambia,
na hakuna niliyemwambia
bamba limeelekea wapi.

Hapo ndipo nilipovaa viatu.

Kulipopambazuka tulifunga vali, tukashusha kanieneo,
Réka akafungua nati kumi na mbili
kwa spana na matusi ya Kihungari.
Bamba lilitoka likiwa baridi, likanata kwenye glavu.
Upande mmoja ukingo wa tundu ni mkali, unakwangua ukucha;
wa pili umechongwa mshazari, kama mdomo wa bakuli.
Mkali ndio wa kuikabili gesi.
Huu ulikuwa umeipa mgongo.

Gesi ikateremkia tunduni taratibu, bila kuhema,
tofauti ya kanieneo ikanywea,
kipeuo cha pili kikatii,
programu ikakitii kipeuo, ofisi ikaitii programu,
na mtu akakunja koti.

Réka alinisomea fomu ya usafi ya Novemba:
nani alilitoa bamba, nani alilirudisha.
Hakufika kwenye jina. Alinitazama, akainama kuokota nati
ambayo haikuwa imeanguka.

Nilimpigia Sever. Nilimsikia mbwa kabla yake.
"Mmezipata?"
"Hazikupotea."
Kimya kirefu, kisha mlango wa jiko ukifungwa.
"Shemeji kang'oa mipando yote," akasema. "Aliona haya."

Chini kabisa ya ukurasa wa programu
kuna kisanduku kisichoingia kwenye hesabu.
Miaka sita sijakigusa.
Nimeandika: bamba liliwekwa kinyume tarehe tatu Novemba,
aliyeliweka ni Ilinca Bogdea.
Nikabonyeza.
Ikafikiri kidogo, kama kawaida yake, mara nne,
ikaniletea mstari wake wa kijani.